Kaburi la Brevig Mission na Wahudumu wa Afya wa Alaska

Katika mwambao wa Bahari ya Bering, jimboni Alaska, kipo kijiji cha wenyeji asilia Wainupiati kiitwacho Brevig Mission. Jina hilo ni la Mchungaji Tollef Brevig, mmisionari wa Kilutheri mwenye asili ya Norwei, aliyefika pande hizo mwaka 1894. Kanisa la Kilutheri la Marekani linalolea usharika huo ni mshirika wa KKKT tangu zamani.

Novemba 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia yaliingia kijijini. Kati ya tarehe 15 na 20, watu wazima 72 kati ya 80 walifariki. Nome, mji wa karibu, uko yapata kilomita 100, na ilikuwa majira ya baridi kali. Wafu walizikwa pamoja kilimani, katika udongo ulioganda, chini ya misalaba midogo myeupe. Watoto wakabaki yatima. Shishmaref, kijiji kilichoko kaskazini zaidi, kiliweka walinzi njiani, na ugonjwa haukuingia. Ikumbukwe kwamba kilichowaponya si dawa, bali bunduki za walinzi. Msafiri mwenye shida naye alifungiwa njia.

Badiliko la kweli lilikuja kwa ajili ya kifua kikuu. Katika miaka ya 1950 wanakijiji walianza kufundishwa kuwagawia majirani zao dawa, wakimwuliza daktari kwa redio. Tangu 1968 serikali ikagharimia kazi hiyo, na wahudumu hao, wanaochaguliwa na vijiji vyenyewe, wakaenea katika vijiji zaidi ya 170. Wengi wao ni akina mama wanaolijua kila kaya.

Kwa hiyo UVIKO-19 ulipofika mwaka 2020, palikuwa na mtu wa kupokea msaada. Wenyeji asilia walitengewa fungu lao la chanjo, na mashirika yao ya afya yakaligawa kwa utaratibu wao. Desemba ile ndege ndogo zilitua vijijini. Huko Shungnak, daktari, mfamasia na wauguzi wawili, wanawake wote, walimalizia safari kwa sleji iliyovutwa na pikipiki ya theluji. Penginepo baridi iliweza kuigandisha chanjo ndani ya sindano, hata wauguzi wakaitia ndani ya makoti yao, wakitembea nyumba kwa nyumba kwa wazee.