Ujumbe Uliofichwa katika Vipindi vya Televisheni

Ujumbe uliofichwa ni tangazo la biashara au la siasa linalopenyezwa ndani ya hadithi ya kipindi bila mtazamaji kuambiwa nani amelipia. Kwa biashara, njia ya kawaida ni kumpa mhusika soda, gari au simu ya kampuni fulani aitumie mbele ya kamera.

Upande wa serikali unaonekana wazi zaidi katika kisa cha Marekani. Mwaka 1997 Bunge la huko liliidhinisha fedha za kununua matangazo dhidi ya dawa za kulevya, kwa sharti kwamba kila kituo kitoe bure nafasi nyingine yenye thamani ileile. Baadaye ofisi ya Ikulu inayoshughulikia dawa hizo ilikubali kipindi chenye ujumbe unaoridhisha kihesabiwe badala ya nafasi hiyo. Kituo kikabaki na muda wa kuwauzia wateja wengine. Tamthilia zilizohusishwa ni pamoja na ER na Beverly Hills, 90210, na baadhi ya miswada ilifika kwa maofisa kabla ya kurushwa. Hapo ndipo penye uzito: wanaolipa kodi walikuwa wakigharimia hadithi walizodhani ni burudani tupu, hata kama nia ilikuwa kuwalinda vijana.

Mwandishi Daniel Forbes alifichua mpango huo katika jarida la Salon, Januari 2000. Desemba mwaka huo, Tume ya Mawasiliano ilisema vituo vilipaswa kumtaja mfadhili.