Kasongo iliyofundisha ulimwengu
Mkutano wa Alma-Ata ulipotangaza afya ya msingi kwa wote mwaka 1978, kazi hiyo ilikwisha kuanza hapa Kasongo. Waganga, wakishirikiana na Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Antwerp, Ubelgiji, waliwakabidhi wauguzi vituo vya afya vijijini; hospitali ikawapokea wagonjwa waliowashinda. Wauguzi hao waliendelea kufundishwa humo humo, mbele ya wagonjwa wao. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Kasongo juu ya chanjo ya surua. Basi, mwanafunzi anayekiona kijiji kuwa adhabu na akumbuke: Msamaria Mwema hakumngoja majeruhi mjini, alimwendea pale alipolala.