Safu ya Lugha: "Maeneo machache"

Msimu wa mvua kusini huanzia Novemba hadi Aprili, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa huiletea Mtwara maneno yale yale: mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache. Wengi huliona "machache" kuwa kichaka cha mtabiri kujificha. Mimi naliona ndilo neno la kweli kuliko yote katika taarifa hiyo. Wingu la radi hupanda zaidi ya kilomita 10 angani, lakini upana wake ni kilomita chache tu, na mara nyingi hufa ndani ya saa moja hivi. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Masasi iko chini, kwenye tambarare ya vilima vya mawe. Newala huweza kulowa, watu wakikimbilia kukunja maturubai ya korosho, huku Masasi vumbi likitimka.

Tatizo ni kwamba tunasikia "machache" tukaelewa "kidogo". Neno hilo linahesabu mahali, halipimi nguvu: mvua ya eneo moja yaweza kuezua paa. Mkulima atauliza, taarifa isiyotaja kijiji changu inanifaa nini? Swali lake ni la haki, na jibu halimo katika kulifuta neno, bali katika kuliongezea saa. Radi nyingi huzaliwa baada ya jua kuichemsha ardhi. "Maeneo machache, kuanzia alasiri" ingemtosha kuanua korosho mapema.