Mgonjwa wa figo na usalama wa dawa za kung'arisha picha

MGONJWA wa figo anayetumwa kutoka Kitale au Bungoma kwenda kupigwa picha ya CT au MRI katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), Eldoret, hubeba barua ya daktari. Barua hiyo yafaa kuandamana na matokeo ya kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zingali na nguvu kiasi gani.

Aghalabu mgonjwa hudungwa dawa mshipani ili viungo vionekane bayana pichani. Ile ya CT huwa na madini ya iodini na hutoka mwilini kupitia figo. Kwa kuhofia kwamba ingezidhuru figo dhaifu, madaktari wengi walikimbilia gadolini, madini yatumikayo katika MRI.

Kimbilio hilo liligeuka hatari. Mwaka 2000 wataalamu walieleza maradhi mapya miongoni mwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine: ngozi ilikakamaa na viungo vikashindwa kukunjuka. Mnamo 2006 madaktari wa Ulaya waliyahusisha na gadolini, na mwaka uliofuata Marekani ikaagiza dawa hizo ziwekewe onyo kali.

Hata hivyo, dawa za gadolini hazilingani. Zenye molekuli ya umbo la pete huyashikilia madini hayo imara, na hatari yake imeonekana kuwa ndogo mno hata kwa figo zilizodhoofika.

Zipo njia nyingine. Gesi ya kabonidayoksaidi hutumiwa kuonyesha mishipa ya tumbo na miguu, lakini haifai ile iendayo kwenye ubongo. Viputo vya altrasaundi hutokea mapafuni. Dawa ya chuma, ferumoksitoli, haitegemei figo, lakini yaweza kuzusha mzio wa kuua. Marekani iliiwekea onyo kali 2015.

Iodini nayo imepunguziwa lawama. Mwaka 2020 wataalamu wa picha na wa figo nchini Marekani walikubaliana kuwa hatari yake ilitiwa chumvi. Tahadhari kuu ni kwa ambao figo zao huchuja chini ya mililita 30 kwa dakika. Hao hutundikiwa maji ya chumvi.

Hivyo basi, kabla ya kudungwa, mgonjwa aulize: figo zangu zachuja kiasi gani, nitadungwa dawa ya aina gani, na je, picha isiyohitaji dawa yatosha?