Kifafa na leseni ya udereva (Uingereza)
Nchini Uingereza, mwenye kifafa hanyimwi leseni ya udereva moja kwa moja. Kinachoangaliwa ni muda uliopita tangu aliposhikwa mara ya mwisho. Kwa gari dogo, kwa kawaida anatakiwa amalize miezi 12 bila kushikwa. Kwa lori au basi, sharti ni miaka 10 bila kushikwa na bila kutumia dawa za kifafa. Aliyewahi kushikwa usingizini tu anaweza kuruhusiwa kuendesha gari dogo hali hiyo ikishathibitika kwa mwaka mzima.

Ukali huo una sababu. Si kila kifafa humwangusha mtu chini akitetemeka: wengine huduwaa tu, macho wazi, mikono ikiwa bado kwenye usukani, wasisikie wala kuona. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 70 katika sekunde tano za kuduwaa, na kivuko cha watoto wa shule kinaweza kuwa hapo katikati.

Wajibu wa kutoa taarifa kwa DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea, ni wa dereva mwenyewe. Akificha, anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Daktari humshauri kwanza. Akiendelea kuendesha, daktari anaweza kuiarifu mamlaka. Kwa anayeishi kijijini kusiko na basi, mwaka bila gari ni adhabu nzito, ndiyo maana wengine hukaa kimya.