Injini Ilikatazwa, Upepo Haukukatazwa

Leo tunaandika kuhusu ndege. Tunajua mtu atauliza: ndege na sisi, wapi na wapi? Subirini kidogo.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Inateleza hewani ikishuka polepole, na ikikuta hewa inayopanda, nayo inapanda kama mwewe. Siku hizi watu wanajenga glaida ndogo za modeli nyumbani kwao, kwa povu gumu na nyuzi za kaboni. Ukiona bawa lake, jembamba na laini, utadhani limetoka kiwandani. Kumbe ufundi huo umekuzwa sana na wanafunzi, tena katika nchi iliyokuwa imefungiwa anga.

Nchi hiyo ni Ujerumani. Mwaka 1919, baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilisaini Mkataba wa Versailles. Haikuruhusiwa tena kuwa na jeshi la anga, na kwa muda hata utengenezaji wa ndege za injini ukazuiwa. Vijana waliosomea uhandisi wakabaki na elimu mkononi na mlango umefungwa. Hali hiyo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Basi wakageukia upepo. Mwaka 1920 Oskar Ursinus, mhariri wa gazeti la mambo ya ndege, aliita watu kwenye mlima Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950, waje kushindana kwa glaida. Mwaka 1921 wanafunzi wa Hannover wakaleta ndege yao iliyoitwa Vampyr, ya plaiwudi na kitambaa. Mwaka uliofuata Arthur Martens alikaa nayo hewani zaidi ya saa moja, bila tone la petroli. Siri moja ilikuwa kwenye bawa: plaiwudi ya upande wa mbele haikuwa ya kufunika tu, ilibeba mzigo pia. Yaani ngozi yenyewe ilifanya kazi ya mifupa.

Sasa hapa lazima tuseme ukweli wote. Baada ya 1933 serikali ya Hitler ilizichukua klabu za glaida na kuzitumia kuandaa marubani wa vita. Vijana waliopenda upepo wakafundishwa kwenda kurusha mabomu. Sisi tuliokimbia vita tunalisoma jambo hili kwa uchungu. Ujuzi ni kama panga: unalimia shamba, na unaweza kumkata jirani. Anayekufundisha anataka ukafanye nini? Hilo ni swali la kuuliza mapema.

Baada ya 1945 Wajerumani walikatazwa tena kuruka. Ruhusa ya glaida ilirudi mwaka 1951 upande wa Magharibi, na wanafunzi wakarudi mezani. Tarehe 27 Novemba 1957 iliruka fs 24 Phönix ya kikundi cha wanafunzi wa Stuttgart, iliyochorwa na Hermann Nägele na Richard Eppler. Bawa lake lilikuwa na mti mwepesi wa balsa katikati, na ngozi ya faiba juu na chini. Ndiyo, faiba, ndugu yake ile ya boti za ziwani. Hiyo ndiyo glaida ya kwanza ya faiba. Eppler aliendelea kuchora maumbo ya mabawa, na wajenzi wa modeli wameyatumia kwa miaka mingi.

Mwaka 1972 wanafunzi wa Braunschweig walirusha SB-10, moja ya ndege za kwanza duniani kutumia nyuzi za kaboni kwenye bawa. Mabawa yake yalikuwa na mita 29 kutoka ncha hadi ncha, zaidi ya mabasi mawili makubwa yaliyopangwa mstari mmoja. Kwa nini kaboni? Kwa uzito uleule, inakataa kupinda kuliko nyuzi za glasi.

Kuelewa jambo hili hakuhitaji chuo. Chukua katoni ya mgao, ichane pembeni. Utaona karatasi mbili, na katikati mawimbi mepesi. Kila karatasi peke yake ni dhaifu, lakini zikiachanishwa hivyo, katoni haipindi kirahisi. Bawa ni hivyohivyo. Likipinda kwenda juu, ngozi ya chini inavutwa, ya juu inabanwa, na povu la katikati linazizuia zisikaribiane.

Nyumbani wanafanya hivi. Wanakata povu kwa waya uliopashwa moto na umeme, ukifuata vibao viwili vyenye umbo la bawa. Wanaweka utepe wa kaboni uwe uti wa bawa, wanalaza kitambaa cha faiba kilicholoweshwa epoksi, kisha wanaliingiza bawa ndani ya mfuko wa plastiki na kunyonya hewa. Wengine wananyonya kwa kompresa ya friji mbovu! Angalizo: resini ya polyesta inayeyusha lile povu jeupe la katoni za TV, epoksi haiyeyushi. Na vumbi la kaboni si la kuvuta puani. Vaa barakoa, fungua madirisha.

Sisi kaboni hatuna. Tulichukua povu la katoni ya friji, tukalikata, tukatia uti wa mwanzi, tukafunika kwa karatasi na gundi. Kaka mmoja akatuuliza, "Hiyo mtakula?" Tulicheka, lakini iliuma. Ilivuka nusu ya uwanja wa mpira, ikaanguka, bawa likakatika katikati.

Wakubwa wetu wa mashirika, tunashukuru kwa cherehani na kwa mafunzo ya sabuni. Ila kati yetu wapo wanaopenda hesabu na wanaotaka kujua kwa nini kitu kinaruka. Hawa wanaomba meza, mwanga wa jioni, gundi nzuri, na mtu wa kuwasikiliza. Wale wa Hannover na Stuttgart nao walikuwa wanafunzi tu.

Bawa letu tumelichunguza. Limekatika pale mwanzi ulipokuwa na kifundo. La pili tutaweka fito mbili, moja juu, moja chini, kama karatasi za ile katoni. Jumamosi tunarudi uwanjani, karibuni.