Umeme ukikatika Juba: kipi kitangulie kuwaka nyumbani?

Katika mji mkuu wa Sudan Kusini, nyaya za mtaani ni chanzo kimoja tu cha umeme wa nyumbani. Vingine ni jenereta, paneli za jua, betri na kibanda cha kuchajia simu sokoni. Kwa kaya iliyo katika hali hiyo, swali la maana si jinsi ya kuiwasha nyumba nzima, bali ni kitu gani hakipaswi kuzimika.

Mambo muhimu
• Kwa takwimu za Benki ya Dunia, chini ya mtu mmoja kati ya kumi nchini Sudan Kusini ana umeme nyumbani.
• Jenereta haiwashwi ndani ya nyumba wala barazani. Ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha.
• Jokofu lisilofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne.
• Hesabu ya matumizi itangulie ununuzi wa betri au paneli.

Mji unaojizalishia umeme wake

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 bila gridi ya taifa inayounganisha miji yake. Juba, kama Wau na Malakal, ilitegemea mitambo ya dizeli iliyokuwa ndani ya mji wenyewe. Gharama za mafuta na vita vilivyozuka Desemba 2013 viliidhoofisha huduma hiyo, na kwa miaka kadhaa umeme wa umma ulikuwa jambo la kukumbukwa zaidi kuliko la kutumiwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja Novemba 2019, pale kituo cha dizeli cha megawati 33, kilichojengwa na kampuni ya Ezra, kilipozinduliwa. Sambamba na hilo, mtandao wa usambazaji ulikarabatiwa na kupanuliwa kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na wateja wakawekewa mita za kulipia kabla ya matumizi. Usambazaji ulikabidhiwa kwa JEDCO, kampuni ya ubia kati ya upande wa serikali na Ezra. Baadaye kituo cha umeme wa jua cha megawati 20, chenye betri za kuhifadhi, kilijengwa Nesitu, nje kidogo ya mji.

Hata hivyo, bei ya umeme bado imefungamana na dizeli, na dizeli imefungamana na thamani ya pauni ya Sudan Kusini. Nchi huchimba mafuta ghafi, lakini sehemu kubwa ya mafuta yaliyosafishwa huingia kwa malori kupitia mpaka wa Nimule. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ghafi katika nchi jirani ya Sudan lilipasuka, mapato ya serikali yakapungua na pauni ikaporomoka. Tukio lililotokea mamia ya kilomita kutoka Juba likaonekana katika bei ya lita moja ya petroli sokoni.

Ndiyo maana giza la Juba si la namna moja. Lipo linalotokana na hitilafu ya nyaya au uhaba wa uzalishaji, na hilo huukumba mtaa mzima. Lipo la mita iliyokwisha, ambalo huikumba nyumba moja huku ya jirani ikiwaka. Na lipo la wale ambao nguzo hazijawafikia kabisa. Kila moja lina maandalizi yake: aliyeunganishwa ahitaji akiba ya saa chache au siku chache, ilhali ambaye hajaunganishwa ahitaji chanzo cha kudumu.

Joto halisubiri

Kukatika kwa umeme huuma zaidi katika miezi ya kiangazi. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45 za selsiasi. Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzirai kwa joto mjini Juba. Madarasa mengi ni ya mabati na hayana umeme wa kuendesha hata feni moja.

Nyumbani, watoto wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa ndio wa kufikiriwa kwanza. Feni husaidia, lakini ina kikomo chake. Shirika la Afya Duniani, WHO, laonya kuwa hewa ikizidi nyuzi 40, feni huweza kuongeza joto la mwili badala ya kulipunguza. Hapo maji hufanya kazi kuliko umeme: kitambaa kilicholowa shingoni na mikononi, kunywa mara kwa mara bila kungoja kiu, na kukaa chini ya mti wakati chumba cha bati kimekuwa tanuri. Mtu aliyechanganyikiwa, aliyezirai au ambaye mwili wake unawaka kwa joto apozwe kwa maji mara moja na kufikishwa hospitalini.

Maji nayo hutegemea umeme pale yanapovutwa kwa pampu. Kaya yenye tangi ilijaze umeme ungalipo.

Hesabu kabla ya duka

Akiba haiozi, walisema wahenga. Akiba ya betri, hata hivyo, huoza ikitumiwa vibaya. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya volti 12 na saa-ampea 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,200. Ikizoeshwa kutumika hadi mwisho hufa mapema, hivyo ni busara kuhesabu nusu tu, yaani wati-saa 600.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili. Taa nne za LED za wati 7, zikiwaka saa tano, zatumia wati-saa 140. Feni moja ya wati 50 kwa saa nane yatumia 400. Kuchaji simu tatu kwahitaji kama 45. Jumla ni 585. Betri imefika ukingoni kabla jokofu halijatajwa. Pasi ya wati 1,000 peke yake, ikiwashwa kwa nusu saa, hula wati-saa 500. Birika la umeme hali yake ni hiyo hiyo. Vifaa vinavyopasha moto vibaki kwa siku za umeme wa gridi.

Kuijaza tena nusu hiyo ya betri kwahitaji paneli ya wati 200 au zaidi na takriban saa tano za jua kali. Katika miezi ya mvua, kuanzia Aprili hadi Oktoba, mawingu hupunguza mavuno hayo. Vumbi la kiangazi nalo hupunguza, hivyo paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata moto. Anayeweza kununua feni na taa za volti 12 zisizohitaji inveta huokoa sehemu kubwa ya umeme wake. Betri za lithiamu ni ghali zaidi siku ya kwanza, lakini huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya umeme uliomo na hudumu miaka mingi zaidi.

Moshi usionusika

Jenereta ndogo ya petroli ni mkombozi wa maduka na nyumba nyingi, na pia ni hatari iliyozoeleka mno. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Kufungua dirisha hakutoshi. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani hutoa gesi hiyo hiyo.

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa ghafla vikiwapata watu kadhaa kwa pamoja, wote watoke nje papo hapo, na msaada wa daktari utafutwe. Hofu ya wizi huwafanya wengi waiingize jenereta ndani usiku. Ni salama zaidi kuifunga kwa mnyororo nje, au kuizima kabla ya kulala na kuiachia betri kazi ya usiku.

Jenereta izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa mafuta. Aidha, isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Bila swichi ya kubadilishia iliyowekwa na fundi, umeme wake hurudi katika nyaya za mtaani na unaweza kumuua fundi anayedhani laini imezimwa.

Chakula na dawa

Umeme ukizimika, mlango wa jokofu ubaki umefungwa. Ubaridi wake hudumu takriban saa nne. Friza iliyojaa huweza kufikisha saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, ingawa joto la Juba huweza kufupisha muda huo. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, au saa moja katika joto kali, visiliwe. Harufu si kipimo cha kuaminika. Kununua kiasi cha kutosha siku moja ni desturi ya zamani ambayo bado ina hekima yake.

Insulini yahitaji uangalifu wa pekee. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi nyuzi 25 hadi 30. Pasipo jokofu, mtungi wa udongo ni msaada wa kweli: chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa ukajazwa kati yao, na vyote vikawekwa kivulini penye upepo. Maji yanapokauka hubeba joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi, hewa ikiwa kavu. Haifikii ubaridi wa jokofu, kwa hiyo dawa iwekwe ya wiki chache tu. Insulini isigandishwe wala kugusana na barafu, na mgonjwa asiache dozi kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Umeme unaporudi

Vifaa vingi huungua umeme unaporudi, kwa kuwa msongo huweza kupanda ghafla. Jokofu, televisheni na kompyuta vichomolewe mara tu giza linapoingia, na taa moja iachwe wazi ili itoe habari. Umeme ukirudi, dakika chache zipite kabla ya kuchomeka jokofu. Kifaa cha kudhibiti msongo kinagharimu kidogo kuliko mota ya jokofu. Waya ulioanguka baada ya mvua usiguswe, hata mtaa ukiwa gizani.

Kwa wanaotuma fedha kutoka ng'ambo

Familia nyingi za Sudan Kusini zilizopitia kambi ya Kakuma nchini Kenya sasa zina makazi Australia, Marekani na Canada, na ombi la fedha za jenereta au sola si geni kwao. Kabla ya kutuma, yafaa kuuliza: nani nyumbani ana dawa ya kuhifadhi baridi? Nani hulala chumba cha bati? Mafuta ya kila wiki yatalipwa na nani? Jenereta ya bei nafuu isiyo na mafuta hugeuka chuma cha pembeni, wakati taa, feni na betri ndogo huendelea kufanya kazi bila ombi jipya.

Mipango mikubwa ipo. Mwaka 2023 Uganda na Sudan Kusini zilitia saini makubaliano ya kuuziana umeme, na njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Olwiyo hadi Juba imepangwa. Maporomoko ya Fula, karibu na Nimule, yamechunguzwa kwa miaka mingi kama chanzo cha umeme wa maji. Miradi hiyo ikikamilika, mji utapunguza utegemezi wake kwa dizeli. Kwa sasa kila kaya inaweza kuanza na orodha fupi ya vitu vitatu visivyopaswa kuzimika, na kuvitafutia umeme kabla ya kingine chochote.